Jinsi ya kuandaa kazi ya kutunga programu ili stima ikipotea usipoteze kitu

Katika miji iliyo kando ya Ziwa Victoria, mvua ya radi haisubiri msimu. Mchana upepo wa ziwa husukuma hewa yenye unyevu kuelekea nchi kavu, hewa hiyo hupanda kwenye vilima vya Nandi na Kisii, na alasiri, mara nyingi kuanzia saa tisa hivi, wingu jeusi hutanda, ngurumo zikasikika kuanzia Mamboleo hadi Nyamasaria, na stima ikapotea. Mtunga programu anayefanya kazi nyumbani Kisumu, Kakamega au Kisii hawezi kuizuia radi wala kuirudisha stima, lakini ana uwezo kamili wa kuamua ni kiasi gani cha kazi yake kitapotea wakati huo. Kwa maoni yangu hakuna kinachopaswa kupotea, hata mstari mmoja, na mwongozo huu unaeleza namna ya kufika hapo, tukianza na mambo yasiyogharimu hata shilingi.

Watu wengi huanza kwa kununua vifaa. Mimi ningekushauri uanze na mazoea, kwa sababu hata betri kubwa itakwisha siku ambayo stima itakosekana usiku kucha, kama ilivyotokea Agosti 25, 2023, ambapo karibu Kenya nzima ilibaki gizani kwa saa nyingi. Kazi iliyohifadhiwa vizuri hubaki salama hata kila kifaa kikizimika.

Zoea la kwanza ni kuitumia Git, programu inayotunza kila toleo la msimbo unaouandika, jinsi ilivyokusudiwa. Linus Torvalds alipoiandika mwaka wa 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, aliiunda ili kila mtunga programu awe na hazina kamili ya msimbo kwenye mashine yake mwenyewe, na ndiyo maana kufanya komiti, yaani kuhifadhi toleo la kazi pale ulipofikia, hakuhitaji intaneti hata kidogo. Pamoja na hayo, wengi huichukulia komiti kama tangazo rasmi linalosubiri kazi yote ikamilike, kwa hiyo saa tano nzima za kazi hubaki zikielea bila kuhifadhiwa popote. Asubuhi fungua tawi lako binafsi, yaani mkondo wa kazi uliotengwa na wa wenzako, kwa amri ya git switch -c kazi-ya-leo, kisha fanya komiti kila unapofikia hatua inayoeleweka, hata kama ni fanksheni moja iliyoanza kufanya kazi au jaribio moja lililopita. Ujumbe wa komiti hizo unaweza kuwa mfupi na wa haraka, kwa kuwa kabla ya kuwaonyesha wenzako utazipanga upya kwa git rebase -i na kuziunganisha ziwe chache, safi na zenye maelezo ya kutosha. Halafu litume tawi hilo kwenye seva kwa git push mara kadhaa kwa siku, na hasa unapoona wingu linaanza kutanda. Komiti iliyo kwenye diski moja tu inaweza kwenda na diski hiyo.

Wanaotumia kompyuta ya mezani wana jambo moja zaidi la kushughulikia. Programu inapoandika faili, mfumo wa uendeshaji huiweka data kwanza kwenye kumbukumbu ya muda na kuipeleka kwenye diski baadaye kidogo, na stima ikipotea katikati ya hatua hizo mbili, Git inaweza kubaki na faili tupu ndani ya .git/objects, kisha siku inayofuata ikakataa kufungua hazina ikisema kuna kitu kilichoharibika. Kuanzia toleo la 2.36, lililotoka 2022, unaweza kuiagiza Git ihakikishe kila kitu kimefika diskini kabla ya kuendelea, kwa amri ya git config --global core.fsync all. Kasi hupungua kidogo, na katika miradi mingi hutaona tofauti yoyote.

Kihariri chako, yaani programu unayoandikia msimbo, nacho kina ulinzi wake. Vim huandika faili ya akiba yenye kiambishi cha .swp kila baada ya herufi 200 au unapoacha kuandika kwa sekunde 4, na ukiifungua tena kwa vim -r utayapata karibu yote uliyokuwa umeandika. Katika VS Code, weka files.autoSave iwe afterDelay, nayo itahifadhi yenyewe.

Hifadhidata nyingi zilizotungwa kwa uangalifu hustahimili kukatika kwa stima bila msaada wako. PostgreSQL, kwa mfano, huandika kila badiliko kwenye kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuligusa jedwali lenyewe, na inapowashwa tena huisoma kumbukumbu hiyo na kurudisha kila muamala uliokuwa umekamilika. Hatari huja pale mtu anapozima mpangilio wa fsync, ule unaohakikisha data imefika diskini, ili majaribio yaende kwa kasi, kisha akasahau kuurudisha. Usiuzime kwenye hifadhidata yenye data ya mtu. Na unapotunga programu inayoandika faili, andika kwanza faili ya muda, hakikisha imefika diskini, ndipo uibadilishe jina ichukue nafasi ya ile ya zamani, ili wakati wowote kuwe na faili moja iliyo kamili. Mama mwenye duka pale Kibuye anayetumia programu yako kuweka hesabu za mauzo hupotelewa na stima ileile inayokupotea wewe, naye hana Git.

Kazi zinazochukua muda mrefu, kama kujenga mradi mkubwa au kuhamisha data, zipeleke kwenye seva iliyo mbali badala ya kuziendesha kwenye mashine yako. Ingia kwa SSH, njia salama ya kuendesha seva ukiwa mbali, fungua tmux, programu inayoiweka kazi hai hata ukitoka, kwa tmux new -s kazi, kisha anzisha kazi ndani yake. Mtandao ukikatika, kazi itaendelea bila wewe, na utakaporudi utaandika tmux attach -t kazi na kuikuta ilipofika.

Baada ya mazoea hayo ndipo tufikie vifaa. Mwenye kipakatalishi ana betri tayari, na kinachohitajika ni kujua hali yake ya kweli. Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport, na kwenye Linux tumia upower, kisha linganisha uwezo ambao betri ilitengenezwa nao na uwezo ilio nao leo. Betri za lithiamu huharibiwa na joto na pia na kukaa zikiwa zimejaa kabisa kwa muda mrefu, na alasiri za Kisumu ambapo joto hufika nyuzi 30 huongeza tatizo hilo. Vipakatalishi vingi hukuruhusu kuweka kikomo cha kuchaji cha asilimia 80. Mimi ningekiweka kikomo hicho katika siku za kawaida na kukiondoa asubuhi ambayo dalili za mvua kubwa zinaonekana, maana maisha marefu ya betri hayatakusaidia sana alasiri unayoihitaji ikiwa imejaa.

Ruta ndiyo hulazimisha wengi kusimamisha kazi, wakati suluhisho lake ni rahisi kuliko wanavyodhani. Igeuze ruta uangalie kibandiko kilicho chini yake, au soma maandishi madogo kwenye adapta. Utaona kitu kama 12V na 1A, na ukizidisha namba hizo mbili utapata wati 12, ambazo ndizo nyingi zaidi inazoweza kuhitaji. Iwapo intaneti yako ni ya fiber, huenda kuna kisanduku kingine kidogo ukutani ambako waya wa fiber unaingilia; nacho kina adapta yake, na kikizimika ruta itabaki ikiwaka bila intaneti. Hesabu vyote viwili.

Kisha tafuta UPS (betri inayoshika kazi stima inapopotea) ndogo ya ruta, ile inayotoa umeme wa volti 12 moja kwa moja bila kuubadilisha kuwa wa 240 na kuurudisha tena, jambo ambalo hupoteza nguvu nyingi njiani. Maduka ya vifaa vya umeme ndiko pa kuanzia kuulizia. Hapo kuna mtego wa kuangaliwa: kifaa kikiandikwa 10,400mAh, namba hiyo huwa imepimwa kwenye volti 3.7 za seli zilizomo ndani, si kwenye volti 12 zinazotoka nje. Zidisha 10.4 kwa 3.7 upate takriban wati-saa 38, gawanya kwa 12, na utaona kwamba ruta itadumu kama saa 3 kabla ya kutoa upotevu wa ndani, wala si saa 10 kama muuzaji anavyoweza kukuambia. Volti za kifaa na za ruta ni lazima zilingane. Ampea za kifaa zinaweza kuzidi za ruta lakini zisipungue. Angalia pia ule mchoro mdogo wa duara wenye alama za kujumlisha na kutoa, unaoonyesha kama chanya iko katikati ya plagi au nje yake, maana ukiunganisha kinyume unaweza kuiunguza ruta.

Kwa kompyuta ya mezani utahitaji UPS ya kawaida. Ile iliyoandikwa VA 650, kipimo cha ukubwa wake, mara nyingi huwa na betri ya risasi ya volti 12 na Ah 7, yaani wati-saa 84 kwa makadirio ya karatasi, na mashine inayotumia wati 150 itaimaliza mapema sana kuliko unavyotarajia. Ichukue kama muda wa kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, wala usipange kufanyia kazi juu yake. Iwapo ina waya wa USB, sakinisha programu ya Network UPS Tools ili mashine ijizime yenyewe wakati hauko karibu.

Radi ni suala tofauti. Hakuna ekstensheni yenye kinga wala UPS ya dukani itakayozuia radi iliyopiga karibu na nyumba, kwa hiyo ngurumo zikianza kukaribia chomoa plagi kwenye soketi, pamoja na waya wowote wa shaba unaotoka nje, ukiwemo ule wa antena. Fiber yenyewe ni kioo na haipitishi umeme. Kipakatalishi kitaendelea kwa betri yake, ruta kwa UPS yake ndogo, nawe utaendelea na kazi.

Intaneti inaweza kukosekana hata ruta ikiwaka, hasa mnara wa simu unapolemewa na mtaa mzima uliohamia kwenye bando kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo pakua mapema vile unavyovitumia kila siku. Zeal huhifadhi nyaraka za lugha na maktaba nyingi kwenye diski yako, na Kiwix inaweza kukufungulia maswali na majibu ya Stack Overflow bila mtandao. Vifurushi vya mradi viwe tayari kwenye akiba, ili npm ci --offline, amri ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript bila mtandao, ifanye kazi, na picha za Docker unazozitegemea, yaani mazingira ya programu yaliyofungashwa tayari, ziwe zimeshapakuliwa. Nimewaona vijana wenye bidii wakikaa mikono mitupu alasiri nzima kwa sababu ya ukurasa mmoja wa nyaraka ambao ungetoshea kwenye simu.

Kuhusu nakala za akiba, kanuni ya kawaida inatosha: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Programu ya Restic hufanya kazi hiyo vizuri na huficha data kwa nenosiri. Ikiwa una data ya wateja, usiuchukulie ufiche huo kama hiari, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuwajibisha kuilinda, na diski uliyoiacha kwa dada yako Kakamega inaweza kuibwa kama kitu kingine chochote. Mara moja moja rudisha faili kadhaa kutoka kwenye nakala hizo, ili ujue kwa hakika kwamba zinafunguka.

Ukishapanga haya yote, yajaribu. Chagua Jumamosi asubuhi ambayo huna kazi ya haraka, waarifu walio nyumbani, kisha zima swichi kuu huku umefungua mradi wako kama siku ya kawaida. Angalia ni nini kinazimika papo hapo na ni nini kinabaki. Andika saa ambayo ruta imezimika. Jaribu kujenga mradi bila intaneti uone unakwama wapi, kwa maana hapo ndipo kilichosahaulika hujitokeza. Kama una kompyuta ya mezani, usiizime ghafla kwa makusudi. Iache UPS yake iidhibiti.

Stima inapopotea kweli, hakikisha kwanza kwamba si tokeni zilizokwisha: angalia mita, kisha chungulia kwa jirani. Ikiwa ni mtaa mzima, piga *977# uripoti kwa Kenya Power, halafu mwandikie msimamizi wako ujumbe mfupi unaoeleza ukweli wa hali: stima imepotea, kazi yote imetumwa kwenye tawi fulani, ninaendelea na sehemu fulani bila mtandao, nitapatikana kwa simu. Ujumbe wa namna hiyo humwezesha kupanga kazi ya wengine, na hauna haja ya kuomba radhi.

Inaporudi, usiharakishe kuchomeka. Dakika za mwanzo volti hupanda na kushuka, na mara nyingine stima hurudi na kupotea tena papo hapo, kwa hiyo subiri dakika kumi hivi mpaka taa zitulie. Anza na UPS, ifuate ruta, kisha mashine. Kwenye kila mradi uliokuwa wazi endesha git status kuona kilichobaki bila komiti, na git fsck kukagua kama hazina ni nzima. Ikiwa kuna kitu kimeharibika, usijaribu kukirekebisha ndani ya folda hiyo; ihamishe kando, pakua hazina upya kutoka kwenye seva, kisha nakili juu yake faili ulizokuwa umezibadilisha. Baada ya hapo tuma komiti zote ulizofanya bila mtandao, na uchaji kila betri mpaka ijae kabla ya wingu la kesho.