Namna ya Kuitazama The Sea of Grass Usiizime Njiani

Ukiingia kwenye The Sea of Grass unangoja milio ya bunduki, utaizima kabla haijafika nusu. Ni filamu ya cowboy ya mwaka 1947, isiyo na rangi, inazidi saa mbili kidogo, na vita vyake vikubwa vinapiganwa sebuleni. Mimi naipenda, ila ina namna yake ya kutazamwa.

Kabla hujaiwasha, ijue sheria moja. Mwaka 1862 Marekani iliamua kuwagawia walowezi ardhi ya umma, ekari 160 kila mmoja. Mtu akiishi hapo miaka mitano na kulima, inakuwa yake. Sasa Kanali Jim Brewton, anayeigizwa na Spencer Tracy, analisha ng'ombe wake New Mexico kwenye mbuga kubwa mno, na sehemu kubwa ya mbuga hiyo hana hati nayo. Usipolijua hilo, utamwona mzee wa watu analinda mali yake, na Brice Chamberlain, wakili wa walowezi, utamwona mchokozi tu. Ukilijua, kesi ya mwanzoni pale mjini Salt Fork inakuwa tamu.

Halafu mkazie macho Lutie (Katharine Hepburn). Ametoka St. Louis kuja kuolewa, na Jim anampeleka kuziona nyasi kama anayemtambulisha kwa mke mkubwa. Kuanzia hapo, kila Jim anapozitaja nyasi, acha kumtazama yeye, mtazame mkewe. Lutie anawatetea walowezi, Jim anawafukuza, na ukisikiliza vizuri utagundua kila neno wanalobishania juu ya wakulima wale linahusu nyumba yao wenyewe: nani ana haki ya kukaa hapa, na kwa masharti ya nani?

Ikifika safari ya Lutie kwenda Denver, anakokutana na Chamberlain, usiinuke kwenda popote. Studio za Hollywood wakati huo zilibanwa na kanuni za maadili, na uzinzi haukuruhusiwa kuonyeshwa waziwazi. Utapewa macho mawili matatu na mlango. Baadaye anazaliwa mtoto wa kiume, Brock, na hesabu unaifanya mwenyewe.

Picha za nyuma zitakuudhi, nakuonya. Mwongozaji Elia Kazan, aliyetoka kwenye tamthilia za New York, alitaka kupiga picha kwenye nyasi za kweli. MGM, kampuni iliyoitengeneza filamu, ikambakisha studio, waigizaji wamesimama mbele ya skrini inayorushiwa mbuga iliyopigwa tayari. Kazan hakuficha kwamba filamu hii haipendi. Nadhani alijihukumu mno: kasoro iko nje, ndani ya vyumba Tracy na Hepburn wanaumizana kwelikweli.

Miaka ya mwisho inarukwa haraka, basi fuata nywele na mavazi ujue umefika wapi. Hapo ndipo Robert Walker anapoingia akiwa Brock mtu mzima, na filamu inapata damu mpya.

Riwaya ya Conrad Richter, ya mwaka 1936, isome baadaye, si kabla. Ni fupi, na msimuliaji wake ni Hal, mpwa wa Jim, kwa hiyo wanandoa hawa unawaona kwa pembeni tu. Ukianza nayo, utaingia kwenye filamu ukimtafuta Hal.