Somo: ioni zinatokeaje na zinaunganaje, bila kukariri fomula

Haya wakuu, fom tuu na fom srii wengi wanakariri NaCl, MgO, Al₂O₃ kama majina ya wachezaji, mtihani ukileta kalsiamu nitraidi wanabaki kutoa macho. Dawa ni kuhesabu elektroni. Ioni ni atomu (au kundi la atomu) iliyotoa au kupokea elektroni ikabaki na chaji.

Hatua ya 1: panga elektroni. Sodiamu ni namba 11, yaani protoni 11 na elektroni 11, kwahiyo 2:8:1 (ganda la ndani 2, linalofuata 8, la nje 1). Klorini ni 17, kwahiyo 2:8:7. We angalia ganda la nje tu, ya ndani achana nayo.

Hatua ya 2: inatoa au inapokea? Sodiamu ikitoa ile moja ya nje inabaki 2:8, imetulia kama neoni, gesi ambayo ganda lake la nje limejaa. Hapa ndo watu wanapochanganyikiwa, imetoa kitu halafu inapewa alama ya kujumlisha! Sasa hesabu mwenyewe, protoni bado 11, elektroni zimebaki 10, chanya imezidi moja, basi Na⁺. Klorini ikiipokea inakuwa 2:8:8, protoni 17 elektroni 18, ndo Cl⁻ na jina linageuka kuwa kloraidi. Protoni haziguswi kabisa, atakayekwambia sodiamu imeongeza protoni mrudishe hatua ya 1.

Hatua ya 3: chaji zifutane mpaka sifuri. Na⁺ na Cl⁻ hamna kazi. Magnesiamu (2:8:2) inatoa mbili ila klorini moja inapokea moja tu, kwahiyo ziitwe mbili, MgCl₂. Shughuli iko kwa Al³⁺ na O²⁻, tatu na mbili zinakutana kwenye sita, so aluminiamu mbili na oksijeni tatu, Al₂O₃. Ile njia ya kukrosi valensi (namba ya chaji ya ioni moja unaishusha chini ya nyingine) siipendi sana, ni ya haraka kweli lakini ukikrosi Mg²⁺ na O²⁻ kizembe unaandika Mg₂O₂ na maksi zimeenda, jibu ni MgO.

Hatua ya 4: kuna ioni zinatembea kwa kundi, mfano CO₃²⁻ (kaboneti) na OH⁻ (haidroksidi), usizivunje. Kwenye magadi ya Ziwa Natron kuna sodiamu kaboneti, Na₂CO₃. Chokaa ikishatiwa maji ni Ca(OH)₂, na mabano ni lazima, ukiandika CaOH₂ umezidisha H peke yake.

MASWALI

Swali: Mkuu kwanini klorini nayo isitoe zote 7 ibaki 2:8?
Jibu: Kung'oa elektroni kunakula nishati, na kila ukitoa moja zilizobaki zinashikiliwa zaidi, mpaka ufike ya saba ni balaa. Kupokea moja ni rahisi, klorini inatoa nishati kabisa ikiipokea.

Swali: chumvi si ina ioni, mbona nimechomeka nyaya za betri kwenye chumvi kavu na taa haiwaki
Jibu: Ioni zipo ila zimebanwa kwenye kristali, haziwezi kusogea. Ikoroge kwenye maji utaona taa inawaka. Ukitaka ipitishe umeme bila maji uiyeyushe kwa moto, yaani kama 801°C.

Swali: Kwahiyo molekyuli moja ya chumvi ina sodiamu moja na klorini moja?
Jibu: Hapo hamna molekyuli. Kila Na⁺ imezungukwa na Cl⁻ sita na kila Cl⁻ na Na⁺ sita, inaendelea hivyo punje nzima. NaCl inakupa uwiano tu.

Swali: na chuma je?? mara Fe²⁺ mara Fe³⁺
Jibu: Soma namba ya kirumi kwenye jina. Chuma(II) kloraidi ni FeCl₂, chuma(III) kloraidi ni FeCl₃.