Kabla ya Kuyawekea Leseni Huria Maandishi ya Akili Unde

Tuseme uko Kisumu, unaandaa makala ya Kiswahili kuhusu Kit Mikayi, majabali yale ya Seme ambayo jina lake kwa Kijaluo ni "jiwe la mke wa kwanza", na rasimu umeitoa kwenye programu ya akili unde. Unakusudia kuyaweka kwenye Wikipedia, ambako maandishi hutolewa kwa leseni ya CC BY-SA 4.0, inayomruhusu yeyote kuyatumia mradi amtaje mtunzi na atoe kazi iliyotokana nayo kwa masharti yaleyale. Leseni yenyewe haimkatazi mtu kutumia mashine. Jiulize kwanza kama ruhusa unayotaka kuwapa wengine ni yako kuitoa, kwa kuwa leseni huria ni ruhusa ya mwenye hakimiliki.

Kwa upande huu sheria hazilingani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 2, inasema kwamba kazi ikizalishwa na kompyuta, mtunzi ni yule aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Hoja ya kujiita mtunzi unayo, basi, ingawa kifungu cha 22 kinadai juhudi ya kutosha kuipa kazi upekee wake, na kwa maoni yangu agizo la mstari mmoja halifikii hapo. Marekani msimamo ni mwingine: Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington, katika shauri la Stephen Thaler, aliyetaka hakimiliki ya picha iliyotengenezwa na mashine yake, iliamua kwamba mtunzi sharti awe binadamu, na miezi miwili kabla yake Ofisi ya Hakimiliki ya huko ilikuwa imeeleza kwamba maagizo peke yake hayamfanyi mtu kuwa mtunzi. Maandishi yasiyo na hakimiliki hayadhuru hazina huria, maana kila mtu yuko huru kuyatumia; ila usitarajie sharti la kukutaja jina limfunge mtu kule ambako sheria haikutambui.

Jambo zito zaidi, nalo ndilo watu hulipita mbio, ni kile ulichoilisha mashine. Ukibandika habari ya gazeti na kuagiza iandikwe kwa maneno mengine, kisha matokeo yakafuata mpangilio na usemi wa mwandishi yule, umebeba mali ya mtu, na hakuna leseni utakayoibandika juu yake ikaisafisha. Ukibandika makala ya Wikipedia ya Kiingereza ili yatafsiriwe, hilo linaruhusiwa, lakini tafsiri ni kazi iliyotokana na nyingine: lazima ibaki chini ya masharti yaleyale, na utaje ukurasa ulikoyatoa. Hata usipobandika kitu, mashine huweza kurudia sentensi nzima ilizofunzwa nazo. Kwa hiyo chukua zile zilizonyooka kupita kiasi, zitie alama za kunukuu, uzitafute kwenye intaneti moja baada ya nyingine.

Soma pia masharti ya huduma unayotumia. OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, kwa mfano, humpa mtumiaji haki zake zote juu ya matokeo, kama zipo. Ukikuta huduma inayozuia matumizi ya kibiashara, iache, kwa sababu BY-SA humruhusu yeyote kuuza nakala.

Baada ya hapo andika upya kwa mkono wako, ukipanga hoja mwenyewe na kuhakiki kila jina na umbali kwa vitabu au kwa wenyeji wa Seme (mashine husema uongo kwa adabu sana), na uhifadhi rasimu zote, kwani ndizo zitakazoonyesha mchango wako ni upi. Kama maandishi yamebaki ya mashine karibu yote na unayachapisha mahali pako mwenyewe, CC0, yaani tamko la kuachilia haki zote, ni la kweli zaidi kuliko BY-SA, kwa kuwa hudai kidogo. Ukiyapeleka Wikipedia, hakikisha kwanza kwamba jumuiya ya lugha hiyo inayakubali, kisha katika muhtasari wa hariri utaje programu uliyotumia, ulichoipa, na aya ulizoziandika wewe.