Kutafuta chanzo cha "PCIe Bus Error" kwenye seva ya Linux

Kwanza hakikisha ni kosa lipi. Programu ikikatika na kuacha maneno "Bus error" kwenye teminali, hiyo ni ishara ya SIGBUS, ambayo programu hupewa ikigusa kumbukumbu isiyofikika. Huenda /dev/shm (kumbukumbu ya pamoja ya programu) imejaa au faili iliyokuwa ikisomwa kwa mmap (kama sehemu ya kumbukumbu) imefupishwa. Anza na `df -h`. Mwongozo huu unahusu ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux) yenyewe kuhusu PCIe, njia inayounganisha kadi na ubao mama.

Hatua ya 1: soma mstari mzima

`sudo dmesg -T | grep -iE 'aer|pcie bus error'`

AER ni mfumo wa kuripoti makosa ya PCIe. Tazama severity (ukali wa kosa). Corrected (kerneli mpya huandika Correctable) maana yake maunzi yamesahihisha kosa yenyewe, data haijapotea. Ikiwa ni Uncorrected (Fatal), au Uncorrectable (Fatal) kwenye kerneli mpya, njia haiaminiki tena: hamishia kazi kwenye seva nyingine kabla ya kuendelea na uchunguzi. Kwenye type (tabaka la kosa), Physical Layer na Data Link Layer (hasa BadTLP, yaani pakiti iliyofika ikiwa imeharibika) mara nyingi huelekeza kwenye mguso mbovu au kebo.

Hatua ya 2: mtambue mhusika

Chukua anwani iliyo kwenye ujumbe, tuseme 3b:00.0, uendeshe `lspci -s 3b:00.0`. Ukikuta ni Root Port (mlango wa PCIe upande wa prosesa), usikimbilie kulaumu ubao mama. Aliyetoa taarifa si lazima awe mkosaji. `lspci -tv` itakuonyesha kadi iliyo chini yake.

Hatua ya 3: pima njia

`sudo lspci -vv -s 3b:00.0 | grep Lnk`

Linganisha LnkCap (uwezo wa njia) na LnkSta (hali yake ya sasa). Kadi ya x8 (leni nane za data) inayokwenda kwa x4 inatia shaka, ingawa kuna sloti ndefu zenye nyaya za x4 tu, kwa hiyo soma kitabu cha seva. Kasi ipime seva ikiwa kazini, kwani vifaa vingine huishusha vikipumzika.

Soma pia hesabu ya makosa:

`cat /sys/bus/pci/devices/0000:3b:00.0/aer_dev_correctable`

Hatua ya 4: shika maunzi

Zima seva, chomoa umeme, vaa mkanda wa kuzuia umeme tuli. Toa kadi, puliza vumbi, irudishe mpaka ikae sawasawa. Washa, ipe mzigo uleule, soma hesabu tena. Makosa yakiendelea, ihamishie sloti nyingine: yakiifuata, kadi ni mbovu; yakibaki kwenye sloti ileile hata ukiweka kadi nyingine, kagua sloti au raiza (kadi ndogo inayobeba sloti). Badilisha kitu kimoja tu kila mara, la sivyo hutajua kilichoponya.

Maunzi yakiwa mazima, sasisha fimwea (programu iliyo ndani ya maunzi), kisha jaribu `pcie_aspm=off` (inahusu ASPM, uokoaji umeme wa PCIe) kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Wengi hushauri `pci=noaer`. Mimi naipinga kabisa kwenye seva yenye data za watu: inazima AER bila kutibu kosa, na kosa la Fatal likija hutakuwa na onyo lolote kutoka kwa kerneli.