Kuunganisha meshi za ganda katika mashine yenye mamia ya vipande

Unapoiga mashine kwenye kompyuta ili kujua itakavyobeba mzigo, kila bamba huchorwa kama ganda: uso mwembamba uliogawanywa kuwa elementi (vipande vidogo) zinazokutana kwenye nodi. Mtandao huo ndio meshi. Kuchora meshi ya bamba moja si kazi. Kazi ni kuyafanya mabamba mia tatu yabebane kama yanavyobebana kwenye chuma halisi. Huu ndio mpangilio ninaoufuata.

1. Pima mianya kwanza. Ukishatoa uso wa kati wa kila bamba (uso unaopita katikati ya unene wake, ndio unaochorwa meshi), vipande vilivyokuwa vimegusana vinaachana. Bamba la mm 12 likilaliwa na la mm 8, nyuso zao za kati zinatengana mm 10, yaani nusu ya jumla ya unene. Bamba likisimama juu ya jingine kama herufi T, mwanya ni nusu ya unene wa lililolala: mm 6 kwa bamba la mm 12. Mchoro hauna kosa. Viandike vipimo hivi, utavihitaji.

2. Gawa vikundi. Vipande kumi hadi ishirini kwa kila kikundi, kila kimoja kiunganishwe na kupimwa kabla ya kuingia kwenye kikubwa.

3. Chagua kiungo kwa kuangalia kilivyofungwa kiwandani. Hapa usiharakishe.

Kwa weldi ya T, refusha ukingo wa bamba lililosimama hadi ufike uso wa kati wa lililolala, kata uso huo kwenye mstari wa makutano, kisha chora meshi upya ili nodi ziwe za pamoja. Hakuna kiungo cha kuaminika zaidi ya hiki.

Viungo vikiwa vingi mno, gundisha ukingo kwa uso kwa mgusano wa kudumu, yaani programu izifunge nodi za ukingo kwenye uso bila kuchora meshi upya. Nodi ya ganda ina miendo sita: mitatu ya kusogea na mitatu ya kuzunguka. Ukifunga kusogea peke yake kwenye mstari wa nodi, umetengeneza bawaba. Meshi ndogondogo iwe tegemezi (inayofuata mwendo), ile pana iwe kuu (inayoongoza). Umbali wa kutafutia uzidi mwanya kidogo tu: mm 7 kwa mwanya wa mm 6. Ukiweka 30, programu itashika hata bamba la jirani lisilochomelewa.

Kwa mabamba yaliyolaliana na kuchomelewa pembeni, gundisha mstari wa weldi tu, usigundishe uso mzima. Ugumu wa kupinda hufuata unene kwa kipeo cha tatu. Mabamba ya mm 12 na mm 8 yanayoteleza huru yanatoa 1728 + 512 = 2240; yakigandishwa kuwa moja la mm 20 yanatoa 8000, zaidi ya mara tatu na nusu. Weldi ya pembeni iko kati ya hizo mbili, na ukigundisha kila mahali umeidanganya mashine.

Bolti: RBE2 (kiungo kigumu kinachozifanya nodi tegemezi zifuate nodi moja kuu) kuzunguka kila tundu, kisha elementi ya boriti kati ya nodi mbili za katikati. RBE3 (kiungo kinachogawa mzigo wa nodi moja kwa nodi nyingi) iache kwa kuning'iniza uzito wa mota au pampu, kwa kuwa haiongezi ugumu. Nodi moja isiwe tegemezi wa RBE2 mbili.

4. Unganisha nodi zinazolingana, yaani zilizo mahali pamoja, ziwe moja. Umbali wa kuziunganisha uwe mdogo sana kuliko ukingo mfupi wa elementi. Niliwahi kuweka mm 3 kwenye modeli yenye matundu ya ukingo wa mm 2. Matundu yalijikunja yakaharibika, na siku nzima ikaenda nikiyarudishia.

5. Pima bila kufunga popote. Endesha uchambuzi wa mitetemo ya asili kikundi kikiwa huru kabisa. Mitetemo sita lazima iwe karibu na Hz 0, kwa kuwa kikundi kizima kinasogea na kuzunguka bila kupinda. Wa saba nao ukiwa sifuri, uchezeshe kwenye skrini ukiwa umekuzwa: utaona bamba likibembea kama mlango, au likielea peke yake. Hapo ndipo pasipounganishwa. Ukirekebisha, rudia.

Mwisho, funga miguu ya mashine na uweke mvuto wa dunia. Jumla ya nguvu kwenye miguu ilingane na uzito halisi wa mashine. Isipolingana, kagua msongamano na unene wa kila bamba kabla ya kuweka mzigo wowote wa kazi.