Kuhamisha hesabu za kijiji kutoka daftarini kwenda kwenye mfumo wa kompyuta

Mtendaji mwenzangu, kabla hujaingiza chochote kwenye mfumo, funga kwanza daftari la fedha. Kaa na Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango, linganisheni stakabadhi, hati za malipo na taarifa ya benki mpaka salio lisome sawa kote. Hilo ndilo salio la kuanzia. Likiingia na kasoro, litakusumbua kila mwezi.

Nywila ni yako peke yako. Usimpe mwenyekiti, wala kijana anayekusaidia kuchapa.

Kwenye makusanyo, mwananchi apewe kumbukumbu namba ya malipo (control number), alipie benki au kwa simu. Fedha isipite mkononi mwako. Ukitumia mashine ya POS, ile ya mkononi inayotoa risiti, toa kivuli cha risiti siku hiyohiyo. Karatasi ile hufifia, na mkaguzi akija atakuta kipande cheupe. Mimi huzibandika nne nne kwenye ukurasa mmoja, kwa tarehe.

Mtandao ukikatika, andika daftarini, uingize ukirudi.

Kila baada ya miezi mitatu chapisha taarifa, isome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha uibandike ubaoni. Bibi asiye na simu naye ana haki ya kujua mchango wake wa zahanati umenunua nini.