Kuhamishia hela za kustaafu kwenye Roth: jinsi ya kuamua kabla ya Desemba 31

Kila ikifika Novemba simu yangu haipumziki, ni Watanzania na Wakenya wa hapa Texas na swali ni lile lile: nina 401(k) (akaunti ya kustaafu ya mwajiri) ya kazi ya zamani, niihamishie Roth (akaunti ya kustaafu ambayo kodi unalipa mwanzoni) au niiache? Mimi natayarisha ritani za kodi, wateja wangu wengi ni manesi, wahudumu wa nyumba za wazee na madereva wa malori, na kabla sijajibu huwa nauliza kwanza: unategemea kuzeekea wapi, na ukiwa na karatasi gani mkononi?

Hatua ya 1: jua unanunua nini

Akaunti ya kawaida, kama hiyo 401(k), hela iliingia bila kukatwa kodi, utakatwa siku ukitoa. Roth unakatwa leo, alafu ukishafika miaka 59 na nusu na Roth yako imetimiza miaka 5, unatoa yote na faida yake bila kodi ya serikali kuu. Sasa watu wakisikia "bila kodi" wanarukia, ila fanya hesabu hii: dola 10,000 ikikua mara mbili inakuwa 20,000, ukikatwa asilimia 12 unabaki na 17,600. Ukikatwa hiyo 12 leo zinabaki 8,800, zikikua mara mbili ni 17,600. Sawa sawa! Kwa hiyo Roth inakufaidi hasa pale kiwango chako cha kodi cha leo kiko chini kuliko cha uzeeni.

Hatua ya 2: utazeekea wapi

Hapa ndipo naomba utulie maana ushauri mwingi umeandikwa kwa Mmarekani atakayefia Ohio.

Kama una uraia wa Marekani na unarudi Moshi au Kisumu, utaendelea kujaza Fomu 1040 (ritani ya kodi ya Marekani) kama kawaida na makato ya kawaida (kiasi cha mapato kisichotozwa kodi) unayapata, mwaka 2025 ni dola 15,750 kwa mtu mmoja na 31,500 kwa wanandoa. Ukistaafu huna mshahara, unatoa kidogo kidogo, kodi inaweza kuwa ndogo sana au isiwepo, sasa ya nini kulipa asilimia 22 leo? Wengi wa kundi hili nawaambia waache.

Ila kama uko kwa viza ya kazi, au una grinkadi na utairudisha ukiondoka, mambo yanageuka kabisa. Ukishakuwa si mkaaji wa Marekani kikodi, kiwango cha kawaida cha kukatwa kwenye hela hizo ni asilimia 30 kabla hazijakufikia, na Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya wala Tanzania wa kuipunguza. Sehemu nyingine unaweza kuidai kwa Fomu 1040-NR (ritani ya asiye mkaaji) lakini fikiria kusumbuana na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ukiwa Tanga na una miaka 70. Kuhamisha sasa kwa asilimia 12 ukiwa bado mkaaji hapo ina mantiki kubwa. Na kama umeshika grinkadi miaka 8 kati ya 15 kuna sheria za ziada za kuondoka, muone mtaalamu kabla hujairudisha.

Hatua ya 3: pima nafasi yako

Tuseme mke na mume wana mishahara ya 78,000 mwaka 2025. Toa yale makato ya kawaida 31,500, inabaki 46,500. Ngazi ya asilimia 12 kwa wanandoa inaishia 96,950, kwa hiyo wana nafasi ya 50,450 kabla hawajagusa ngazi ya asilimia 22. Wakihamisha 40,000, kodi inaongezeka 4,800. Kama akaunti ina 120,000, igawe kwa miaka mitatu, usiimwage yote mwaka mmoja.

Hatua ya 4: angalia kitakachovunjika pembeni

Kiasi unachohamisha kinahesabiwa mapato, na mapato yakipanda unaweza kupoteza EITC (nafuu ya kodi ya wenye kipato kidogo), na kama una bima ya afya ya Obamacare unaweza kudaiwa urudishe ruzuku. Mwenye Medicare (bima ya afya ya wazee), premiamu inaangalia mapato ya miaka miwili nyuma. Kodi ya jimbo nayo ipo: kama unahama Minnesota kuja Texas mwakani, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo, subiri uhame kwanza.

Hatua ya 5: kodi itatoka mfukoni gani

Lipa kwa hela za pembeni, sio za akaunti ile ile. Fomu ya kuomba kuhamisha IRA (akaunti ya kustaafu unayofungua mwenyewe) inauliza ukatwe kiasi gani, na usipochagua unakatwa asilimia 10. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii mteja wangu alihamisha 40,000 na ile sehemu akaiacha wazi kwa sababu sikumwonya, 4,000 zikaenda IRS, na kwa kuwa alikuwa na miaka 44 zile 4,000 zikahesabiwa amezitoa kabla ya wakati, faini 400. Iliniuma sana. Andika sifuri, alafu kodi yako lipa kwa 1040-ES (fomu ya malipo ya kodi ya makadirio).

Kama huna hizo hela za pembeni, usihamishe mwaka huu.

Hatua ya 6: hela ya nyumba usiiguse

Kila kiasi unachohamisha kina saa yake ya miaka 5, ukikitoa kabla na hujafika 59 na nusu unapigwa faini ya asilimia 10. Kwa hiyo kama unajenga Kigamboni na mafundi wanakusubiri upaue, hizo hela sio za Roth.

Hatua ya 7: hamisha

401(k) iende moja kwa moja kwenye IRA ya kawaida, cheki isiandikwe jina lako maana watakata asilimia 20. Kutoka hapo hamishia Roth kipande chako kabla ya Desemba 31, na hakikisha namba kwanza, kwa sababu tangu 2018 huwezi tena kurudisha nyuma. Januari utapokea 1099-R (taarifa ya hela zilizotoka), ukijaza ritani weka Fomu 8606 (ya kuripoti kuhamisha), na nakala yake ihifadhi pamoja na pasipoti, ndiyo itakayoonyesha ile miaka 5 ilianza lini.